Bi Pini na Mbawakawa wa Kijani Aliyerushwa Vibaya

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, mtunza wadudu wa makumbusho yetu atakabidhi funguo tisa, kibano kimoja cha ofisi na koti jeupe lenye doa la gundi mfukoni, na hapo atakuwa mstaafu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, yote katika chumba kilekile cha ghorofa ya chini, mlango wa tatu kushoto ukishapita stoo ya mafagio. Jina lake kamili liko kwenye orodha ya mishahara. Sisi wengine tunamwita Bi Pini, na hata Mkurugenzi, akijisahau kidogo, humwita hivyohivyo.

Kamati ya kumuaga ilihangaika kumpata wa kuandika wasifu huu. Wasomi wa ghorofa ya juu walisema wamebanwa na ripoti. Mpokea wageni alisema ana mafua ya mkono, ugonjwa ambao sijapata kuusikia. Basi kazi ikamwangukia fundi wa masanduku, ambaye ndiye mimi. Shule sikuimaliza, sifichi. Na shule nayo haikunitafuta. Lakini droo za wadudu mnazozisifia zimetoka mikononi mwangu, ukuta unaotenganisha karakana yangu na chumba cha Bi Pini ni wa mbao nyembamba, na kwa miaka sita nimesikia kila kitu. Kwa habari za Bi Pini, profesa ni mimi.

Bi Pini aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na sita, kwa mkataba wa miezi mitatu, kuandika lebo. Lebo ya mdudu ni kikaratasi kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, nacho lazima kibebe mahali mdudu alipopatikana, tarehe, na mtu aliyempata. Mkuu wa chumba wa wakati ule, mzee mwenye macho mabovu na ulimi mkali, alimpa lebo kumi za majaribio asubuhi. Kufika adhuhuri binti alikuwa amemaliza mia moja na arobaini, herufi kama punje za ufuta, mistari imenyooka. Mzee akazipitia kwa kioo cha kukuzia, akasema, "Binti, wewe huendi popote." Miezi mitatu ile haijaisha mpaka leo.

Kutoka kwenye lebo akapanda kwenye pini. Msidhani kuchoma mdudu pini ni kazi ya kuchoma tu. Nilijaribu siku moja, mbawakawa akageuka mshikaki. Kipepeo huchomwa katikati ya kifua. Panzi huchomwa nyuma ya shingo. Mbawakawa huchomwa kwenye ubawa mgumu wa kulia, kulia daima, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Sababu aliniambia mwenyewe: "Upande mmoja tunauharibu kwa faida yetu. Ule mwingine tunamwachia mdudu aseme ukweli wake." Kwa daftari lake mwenyewe, amechoma pini wadudu elfu sitini na moja mia nne na tatu, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Kazi hii aliibeba hadi nyumbani na kwa watu. Siku ya arusi ya wifi yake, bibi arusi akiwa amesimama na shada lake la maua mbele ya wageni mia tatu, Bi Pini alitoka kitini, akamwendea taratibu, akachomoa kitu cha kijani kutoka kwenye ua kwa vidole viwili, akakitia kwenye chupa ya vidonge vya kichwa, akarudi kukaa. Wifi hakusema naye mwaka mzima. Mdudu yuko droo ya kumi na saba, safu ya pili, na lebo yake inasema: "Ameokotwa juu ya wifi."

Mafanikio yake ni mengi, nami nimeambiwa nisizidishe kurasa. Mwaka bomba lilipopasuka usiku, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, akabeba droo mia mbili na kumi na mbili ngazi moja baada ya nyingine, na zilizolowa zilikuwa tatu tu. Sisimizi walipovamia chumba, watu wa juu waliandika barua ya kuomba dawa. Yeye aliweka kila mguu wa kabati ndani ya kopo lenye mafuta, na barua ile ilipojibiwa sisimizi walishahama. Amefundisha vijana kumi na mmoja, na saba kati yao sasa wana vyeo vinavyowafanya wasiitikie salamu.

Sasa nifike kwa mdudu mwenyewe, maana huwezi kumsimulia Bi Pini ukamwacha mbawakawa wa kijani. Ni yule aliye peke yake kwenye kabati la kioo pale ukumbini, namba moja kwenye kitabu cha makumbusho, yule aliyechorwa kwenye nembo yetu, kwenye lango, na juu ya mfuko wa shati lako unaposoma hapa. Wageni humwita mende. Mgeni akisema mende, Bi Pini hutazama saa ya ukutani mpaka mgeni aombe radhi.

Mbawakawa huyu ana urefu wa milimita ishirini na nane, sawa na kifundo cha kidole gumba changu, na mapana yake ni nusu ya hapo. Mgongo wake ni bapa, si wa mviringo kama wa ndugu zake wanaosukuma samadi. Kichwa ni cha mraba, na dume ana kipembe kifupi kilichokatika ncha kama bisibisi. Vipapasio vyake ni vifupi, na kila kimoja kinaishia kwenye vijikurasa vitatu. Akinusa tunda lililoiva huvifungua, akiogopa huvifunga kama kitabu. Katikati ya mgongo, mahali mbawa ngumu mbili zinapokutana na kifua, kuna kipembetatu kidogo kilichonyooka hivi kwamba kingekuwa kikubwa ningekitumia kupimia pembe za masanduku yangu. Miguu ya mbele ina meno matatu ya kuchimbia. Tumboni si kijani tena: ni rangi ya shaba, yenye manyoya mafupi ya kahawia. Mabuu yake ni meupe, manene, na yakitaka kwenda mahali hulala chali na kutembea kwa mgongo, miguu ikiangalia mbinguni. Nilidhani Bi Pini ananitania mpaka aliponionyesha.

Na ule ukijani si rangi. Ukisaga ubawa wake, unapata unga wa kahawia kama tumbaku. Kijani ni mwanga unaogonga matabaka ya gamba lake na kurudi umepindishwa. Hapa naomba nijisifu kidogo, kwa sababu ni haki yangu. Nilileta miwani ya plastiki ya sinema, ile ya picha zinazokurukia usoni, nikamtazama mbawakawa kwa jicho moja moja. Kioo kimoja kilimwonyesha kijani kama kawaida. Kingine kilimwonyesha mweusi tititi. Bi Pini alivaa miwani ile robo saa nzima, akifumba jicho hili na kufumbua lile, kisha akaandika daftarini: "Imeonwa na fundi masanduku." Nimo kwenye sayansi, jamani. Mama yangu ameambiwa.

Sasa kosa. Katika mwaka wake wa pili kazini, Bi Pini alipewa mbawakawa namba moja amtengeneze kwa ajili ya kabati la ukumbini, akiwa katika mkao wa kuruka. Mkuu wake alikuwa amemwokota dume yule kwenye kilima ambacho baadaye kilichimbwa chote kikawa kokoto. Bi Pini akafanya kama afanyavyo kila fundi wa wadudu. Mbawakawa karibu wote, wakitaka kuruka, huinua zile mbawa ngumu mbili kama mtu anayefungua milango ya kabati, ndipo mbawa laini za ndani zitoke. Akamfungulia milango, akanyoosha mbawa laini, akamchoma pini kati ya mgongo mtupu kwa kuwa ubawa wa kulia ulikuwa hewani. Kazi ikapendeza. Mwaka uliofuata ikapigwa picha, na picha ikawa nembo.

Mwaka wa nne, mchana mmoja, alikuwa anakula papai dirishani. Mbawakawa wa kijani, mzima, akatua kwenye maganda. Akala. Akashiba. Kisha akaondoka, na milango yake imefungwa! Aina hii ni tofauti: ubawa mgumu una pengo pembeni, karibu na bega, kama mkono wa shati uliokatwa, na mbawa laini huchomoza kupitia hapo. Anaruka amefunga kila kitu. Bi Pini alibaki ameshika kijiko. Akaenda kwa Mkuu wake mbio, akamwambia tumemrusha vibaya. Mzee akamjibu, "Nani atakayetazama kwapa la mdudu?"

Basi hilo ndilo jambo lililomkaa kooni miaka thelathini. Tumepata wakurugenzi watano, na kila mmoja alipoingia aliandikiwa dokezo lenye mchoro, kuomba ruhusa ya kumsahihisha mbawakawa namba moja. Nimeyaona madokezo yote matano. Majibu yake ni aina moja: suala limepokelewa. Lilipokelewa mpaka karatasi zikawa njano.

Mwezi wa Februari mwaka huu lango lilipakwa rangi upya, na mchoraji akamchora mbawakawa mkubwa kama sinia, milango wazi. Mtunza bustani wetu, ambaye ana rundo la mboji nyuma ya jengo na hao wadudu ni majirani zake, alisimama akimtazama, toroli mkononi, Bi Pini akipita.

"Bi Pini, huyu mchoraji wenu amewahi kumwona huyu mdudu?"

"Amemwona kwenye kabati."

"Basi wa kwenye kabati kalewa. Hawa wangu wa kwenye mboji hawafungui mgongo. Wanaondoka hivihivi, koti limefungwa vifungo vyote."

"Aliyemlewesha ni mimi, kaka yangu," akasema Bi Pini, akaingia ndani, na hakwenda chumbani kwake. Alipanda juu moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Mimi nilikuwa juu narekebisha bawaba ya mlango wa Mkurugenzi, kwa hiyo msiniulize nimejuaje.

Mkurugenzi wetu ni mama mpole mwenye akili za haraka. Alisikiliza yote. Akasema, bustani imejaa hao wadudu, atengenezwe mwingine sahihi awekwe ukumbini, na huyu namba moja akapumzike droo. Bi Pini akakataa. "Kumficha si kumsahihisha, Mama. Namba moja ndiye anayechorwa. Nikimwacha na kosa lake, mchoraji ajaye ataletewa huyohuyo, na mimi sitakuwepo kumshika mkono."

Mkurugenzi akamkumbusha mambo mawili. La kwanza, mdudu ana miaka thelathini na miwili tangu atengenezwe. Amekauka kama biskuti, na kumfunga milango ni lazima kung'oa pini ya zamani na kuchoma mpya. La pili, kanuni ya nyumba inajulikana: anayevunja kielelezo chenye namba hupewa barua ya onyo, na mwenye barua ya onyo jaladani hasomewi tuzo ya utumishi uliotukuka siku ya kustaafu. Tuzo ile hapa wameipata watu wanne tu. Bi Pini hajawahi kupata barua ya onyo. Hajawahi kupata hata ya kuchelewa. "Ukimwacha alivyo," Mkurugenzi akamwambia, "unaondoka safi. Ukimgusa akavunjika, sitakuwa na la kufanya."

Bi Pini akasema, "Naomba ruhusa kwa maandishi." Akapewa. Dokezo hilo la sita ndilo la kwanza kukubaliwa.

Tarehe mosi Juni alimweka mbawakawa ndani ya chupa pana yenye mchanga uliolowa na matone machache ya dawa ya ukungu, ili unyevu umlainishe viungo. Kifuniko cha chupa nilikitengeneza mimi, na hakikuvuja. Siku tano alikaa humo. Bi Pini alikuwa akija saa moja asubuhi kumchungulia kama mama mwenye mtoto hospitalini, anarudi mlangoni, anachungulia tena.

Siku ya sita pini ikagoma. Ilikuwa ya shaba, na mafuta ya mwilini mwa mdudu yalikuwa yameila mpaka ikaota kutu ya kijani na kushikana naye. Ukiivuta, unavuta na kifua. Bi Pini akaweka kibano chini, akapiga simu nyumbani. Mume wake ni fundi saa. Ana kibanda chake cha kioo karibu na posta, na kwa miaka yote hii humwita yule mbawakawa "mume mwenzangu", kwa sababu, anasema, wakati wa chakula cha jioni wanagawana mawazo ya mke mmoja. Alikuja na chuma chake chembamba cha kulehemu, kioo cha jicho kimeshavaliwa tangu barabarani. Akasogeza kiti.

"Mume mwenzangu, samahani," akasema, akagusisha ncha ya moto kwenye kichwa cha pini. "Moja. Mbili. Tatu. Mama, zungusha."

Bi Pini akazungusha. Pini ikalia kidogo, ikageuka, ikatoka nzima. Fundi saa akajifuta jasho kwa tai yake. Mimi sikuwa na tai, nikatumia mkono.

Ubawa mgumu wa kulia ulishuka vizuri ukalala mahali pake. Wa kushoto ulishuka nusu, ukakataa. Akamrudisha mdudu kwenye unyevu hadi saa nane, akajaribu tena, pole pole, kwa brashi ya manyoya. Ukaanza kushuka. Ukashuka. Ukalala. Na ulipolala, mguu wa nyuma wa kushoto ulianguka juu ya karatasi nyeupe, tiki, kama punje ya mchele.

Nikasema lililokuwa moyoni mwangu, wala silitetei: gundi ipo, mguu uko chini ya tumbo, kabati lina kioo, nani atakayehesabu miguu ya mdudu? Bi Pini aligeuka akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Mwanangu," akasema, "ndivyo alivyoniambia Mkuu wangu kuhusu kwapa."

Akaugundisha mguu. Ukitazama kwa macho huoni kiungio, na mimi nina macho. Akachoma pini mpya kwenye ubawa wa kulia, mahali pake. Akazivuta mbawa laini pembeni kupitia kwenye lile pengo la bega, moja huku, moja kule, akazibana kwa vipande vya karatasi zikauke. Siku kumi. Kisha akakaa mezani, akaikata lebo mpya, na kwa zile herufi za ufuta akaandika: "Alipachikwa mbawa wazi kwa kosa langu. Amesahihishwa na mimi mwenyewe. Mguu wa nyuma kushoto ulivunjika katika kazi hii, umegundishwa." Akatia tarehe na jina lake.

Mkurugenzi alishuka na kioo cha kukuzia. Akamtazama mbawakawa mbele, nyuma, ubavuni. Akasoma lebo mara mbili. Akauliza kama ile sentensi ya mwisho ni ya lazima. Bi Pini akasema kila neno pale ni la lazima, la sivyo lebo ingekuwa kubwa bila sababu. Mkurugenzi akashusha pumzi. Kanuni ni kanuni. Kesho yake asubuhi barua ya onyo ililetwa chumbani kwa Bi Pini, imechapwa, imesainiwa, imegongwa mhuri.

Bi Pini akaisoma yote, akakubali kila mstari, kisha akafika juu kabisa ya karatasi. Hapo palikuwa na nembo yetu. Mbawakawa wa kijani, milango wazi, amelewa. Akachukua kalamu nyekundu, akamzungushia duara, akaandika pembeni: "Sipokei barua yenye kosa nililoadhibiwa kwa kulirekebisha. Irudishwe ikiwa na mdudu sahihi, nitaisaini siku hiyohiyo." Akairudisha juu kwa mkono wa mpokea wageni, ambaye mafua yake ya mkono yalikuwa yamepona.

Tulikaa chini tukisubiri paa lianguke. Halikuanguka. Baada ya saa moja lilitoka tangazo la ofisi, nalo liko ubaoni, kila mtu alisome: karatasi zote zenye nembo ya zamani zisitumike tena kwa jambo lolote rasmi, mpya zimeagizwa zikiwa na mchoro uliosahihishwa, zitakuwa tayari wiki ya pili ya Agosti. Hadi wakati huo hakuna barua ya kiutumishi itakayotolewa kwa mtumishi yeyote. Mchapishaji aliyechaguliwa ni yule wa mwendo wa kobe, aliyetuletea kalenda ya mwaka jana mwezi wa Aprili. Aliyemchagua ni Mkurugenzi mwenyewe. Mimi nasema tu.

Wenye hesabu wameshapiga hesabu. Tarehe 30 Juni huja kabla ya Agosti. Jalada la Bi Pini siku hiyo litakuwa halina barua, na tuzo ya utumishi uliotukuka itasomwa ukumbini saa tisa alasiri, akiwa mtu wa tano kuipata katika nyumba hii. Mwenyewe amesema kwamba Agosti barua ikiwa tayari, apelekewe nyumbani, ataisaini kama alivyoahidi. Mume wake amesema ataitia kwenye fremu.

Lango litapakwa rangi tena bajeti ikiruhusu. Sare tutazivaa hadi zichakae, na mgeni akiuliza kwa nini wa shatini anaruka tofauti na wa kabatini, mpelekeni akasome lebo. Kioo cha kukuzia nimekifunga kwa mnyororo pembeni mwa kabati. Mnyororo ni kazi yangu.

Chumba cha wadudu kinapokelewa na kijana wa kike aliyefundishwa na Bi Pini miaka mitatu, hodari, mwenye hati nzuri, ingawa si kama yangu. Amekabidhiwa daftari, makopo ya mafuta chini ya makabati, na onyo kwamba fundi wa jirani ana mdomo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa juu na wa chini, wanaoitikia salamu na wasioitikia, tunakushukuru Bi Pini kwa macho yako, mikono yako, na ubishi wako. Uishi miaka mingi yenye afya, mgongo usikuume, mume wako akupate mzima mzima bila kugawana na mtu. Asubuhi ulale mpaka jua likuchoke. Jumatatu usije. Ukija, uje na kikapu chako kama mgeni, uingie kwa mlango wa mbele, na nakuapia, hakuna atakayekuuliza tiketi.